Bure na Huria: Programu za Kusomea Handeni na Korogwe

Mwishoni mwa mwaka wa 2017, watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, wilaya za Handeni na Korogwe zikiwamo, walianza kugawiwa vishikwambi vilivyotolewa na kampuni ya Google. Wengi wao walikuwa hawajapata kukanyaga darasa. Ndani ya vyombo hivyo zilikuwamo programu za Kiswahili za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, kazi ya makundi matano yaliyofika hatua ya mwisho ya shindano la Global Learning XPRIZE. Shindano hilo lilitangazwa Marekani mwaka wa 2014, nalo lilikuwa na sharti ambalo husahauliwa upesi: msimbo chanzo wa programu ulipasa kuachwa huria, ili mtu yeyote autazame, aubadilishe na kuugawa.

Kuliingiza jambo hili vijijini hakukuwa kazi ya mafundi. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania ndio walioibeba. Njia ya kijiji inajulikana: kwa sheria ya mwaka wa 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na mgeni asiyepitia kwa mwenyekiti na mtendaji hapati masikio. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka wa 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kuzunguka redio. Lakini kila kundi lilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na kitabu mkononi. Safari hii mtoto aliachwa na chombo chake. Mtu mzima aliyekuwa karibu ni mama wa kijijini aliyekabidhiwa kituo cha kuchajia kwa nguvu ya jua, wala si kutia chumvi kusema kwamba majaribio yote yalimwegemea yeye.

Hapo mwanzo zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Tarehe 15 Mei 2019 Kitkit School na onebillion zilitangazwa washindi kwa pamoja, kila mmoja akapata dola milioni 5, na misimbo ikawekwa wazi.

Sasa, kishikwambi kilitolewa bure. Programu iliachwa huria. Mambo haya mawili si mamoja. Cha bure huvunjika kioo, na ubure wake ukaishia hapo. Cha huria hakivunjiki, ila chamtaka mtu ajuaye kukifungua. Wasemaji wa Kiswahili walikwisha kulifanya hilo mwaka wa 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kutoa Jambo OpenOffice: programu ya wengine ilivikwa maneno ya Kiswahili pasipo kumwomba mtu ruhusa.

Basi anayepanga leo mikutano ya kuzitangaza programu huria Handeni asianze na zawadi. Aanze na haki: kwamba hadithi ya Kizigua au ya Kisambaa yaweza kutiwa humo. Asiuitishe mkutano siku ya gulio, wala wakati wa kupanda. Kisha ashuke Korogwe, kwenye chuo cha ualimu, kwa kuwa programu hizi hufanya kazi bila intaneti, na mwalimu mpya aweza kuzichukua katika kadi ndogo mpaka kijiji atakachopangiwa.