Mjusi wa Lindi Kwenye Baridi ya Berlin

Baridi ya Berlin, ndugu msomaji, siyo ile ya Lushoto ambayo ukijifunga shuka na kunywa chai ya tangawizi imekwisha. Asubuhi ile ya Januari redio ilisema nyuzi 9 chini ya sifuri. Nilivaa soksi jozi mbili, suruali mbili na koti la mtumba lililonifika magotini, na bado meno yaligongana kama kayamba. Binamu yangu, mwenyeji wa huko, akanicheka.

"Tembea, dada. Ukisimama unaganda."

Tukaanzia Lango la Brandenburg, lililojengwa kati ya 1788 na 1791. Juu yake kuna sanamu ya gari la farasi wanne. Napoleon aliiteka mwaka 1806 akaipeleka Paris. Mwaka 1814, alipokwisha kushindwa, ikarudishwa. Toka 1961 mpaka 1989 Ukuta ulipita hapohapo. Niliandika yote kwenye daftari, vidole vikiniuma, lakini lililonikaa kichwani ni la farasi: kumbe kilichotekwa hurudi, mwenyewe akiwa na nguvu ya kukifuata.

Tukakata mtaa wa Wilhelmstraße. Nilitegemea kuona jumba la kutisha. Nikakuta maghorofa ya kawaida na mama mmoja akishusha mifuko ya mboga kwenye gari.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa."

Jumba la Kansela Bismarck halipo tena. Umebaki ubao wa kumbukumbu. Hapo wajumbe wa mataifa 14 walikaa kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 wakipanga kanuni za kuinyakua Afrika, na mezani hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wengi tuliambiwa mipaka yote ilichorwa siku zile. La hasha, mingi ilichorwa baadaye, wakubwa wakikubaliana wawili wawili. Ila sisi hatukusubiri sana. Kesho yake tu, 27 Februari, Kaiser aliipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami.

Miguu ikafa ganzi. Tukakimbilia Jumba la Makumbusho ya Viumbe, mtaa wa Invalidenstraße. Ukiingia tu, unakutana naye: mjusi wa Tendaguru, urefu wake zaidi ya meta 13. Watoto wa shule walikuwa wamelala chali sakafuni ili wamwone kichwa.

Mimi nilikaa kwenye benchi. Bibi yangu, mtu wa Lindi, alikuwa akisimulia kwamba baba yake aliwabebea Wazungu "mawe ya mifupa". Tulidhani ni hadithi za jioni. Wajerumani walichimba Tendaguru toka 1909 hadi 1913. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907, na njaa ilikuwa imekula watu kule Kusini. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku nne hivi kwa miguu, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Msimamizi Boheti bin Amrani tunamjua kwa jina. Wapagazi wengi hatuwajui.

Jioni tukapanda tramu hadi Brunnenstraße, nyumba namba 193. Binamu akaparua theluji kwa kiatu. Chini yake kikatokea kijiwe cha shaba, upana wa sentimeta 10. Hapo aliishi Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto alitumika katika jeshi la Wajerumani, Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 akaja Berlin, akadai mishahara yake na ya baba yake, akanyimwa. Akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza sinema, mojawapo ikimtukuza yuleyule Carl Peters. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ukamkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alifia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Kijiwe kiliwekwa 2007.

Mji huu umeanza kukumbuka. Mwaka 2024 sehemu ya barabara iliyopewa jina la Peters mwaka 1939 iliitwa Maji-Maji-Allee. Ni jambo jema. Lakini barabara hupewa majina yanayojulikana, na ya wapagazi nani atayaleta kama si sisi tunaojiita waandishi?

Usiku ule nilimpigia mama simu. "Babu yule wa mifupa, aliitwa nani?"

Akanyamaza kidogo, akanitajia. Nikamwomba arudie polepole. Nikaliandika daftarini, juu ya Bismarck na Napoleon.