Chaki, Jasi na Chokaa: Historia ya Mpambanuo wa Kisemantiki
Chaki zinazotengenezwa Maswa, mkoani Simiyu, zinaibua swali la kisemantiki: chaki ni dutu au ni kifaa? Katika Kiingereza, lugha chasili ya neno hili, linataja vyote viwili: mwamba laini wa kalsiamu kaboneti na kijiti cha kuandikia ubaoni. Kiswahili kilitohoa maana ya kijiti. Malighafi yake ya kawaida, kalsiamu salfeti yenye maji, ilikwishapata jina lenye asili ya Kiarabu, jasi. Nao mwamba wa kaboneti huitwa mawe ya chokaa. Mwanafunzi anapohamia Kiingereza cha sekondari, maneno haya matatu yaliyopambanuka hukabiliwa na neno moja lenye utata. Istilahi za kemia hazina budi kuuhifadhi mpambanuo huo.