Twiga wa Bengal na Twiga wa Malindi: Kuusoma Mchoro wa Kichina Maktabani

Katika vitabu kadha vya historia ya pwani ya Afrika Mashariki hukutwa mchoro wa Kichina wa twiga aliyeshikwa kamba na mtumishi. Chini yake huelezwa kwamba huyo ndiye twiga aliyepelekwa na Malindi katika kasri la wafalme wa Ming. Maelezo hayo yamenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu hata yakageuka kuwa ushahidi. Hata hivyo, msomi asiyetoka nje ya maktaba ya chuo chake anaweza kuyapima, mradi akubali kwamba mchoro huo nao ni matini.

Mchoro una maandishi marefu. Mtunzi wake ni Shen Du (1357–1434), bingwa wa hati aliyependwa mno na Mfalme Yongle. Maandishi yanataja mwaka wa 12 wa utawala huo, yaani 1414, na yanataja nchi iliyomleta mnyama: Bengal. Twiga wa Malindi alifika mwaka uliofuata, 1415. Aliyezichambua tarehe hizi ni J. J. L. Duyvendak, kwanza katika makala juu ya safari za Zheng He iliyotokea katika jarida la T'oung Pao mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha katika mihadhara yake iliyochapishwa London mwaka 1949. Kosa hilo, basi, halikutokana na uhaba wa maarifa. Sahihisho limekuwa rafuni kwa zaidi ya miaka 70.

Mbona halikufikiwa? Sehemu ya jibu imo katika mpangilio wa maktaba zenyewe. Katika maktaba zinazofuata utaratibu wa Library of Congress, uchoraji huwekwa chini ya ND, historia ya Uchina chini ya DS, na historia ya Afrika chini ya DT. Mtafiti wa pwani huanza na DT na mara nyingi huishia hapo hapo. Tahajia nayo ina hila zake. Vitabu vya zamani huandika Cheng Ho, Yung-lo na Shen Tu. Maktaba nyingi zilihamia tahajia ya pinyin kuanzia mwaka 2000 tu. Atafutaye Zheng He pekee katika kadi za zamani atarudi mikono mitupu, ilhali kitabu kipo. Aidha, picha inapopunguzwa ili ienee ukurasani, maandishi ya Shen Du hayasomeki tena, na hapo maelezo ya mchapishaji hutwaa nafasi ya maneno ya mtunzi.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo zito zaidi ni utanzu. Shen Du hakuandika taarifa ya bandarini, alitunga sifa. Anayemsifu ni qilin, mnyama wa kimiujiza katika jadi ya Kichina, mwenye mwili wa kulungu na mkia wa ng'ombe, aliyeaminiwa kujitokeza katika enzi ya mtawala mwadilifu. Duyvendak alidhani kuwa jina la twiga kwa Kisomali, likisikika masikioni mwa Wachina, ndilo lililozaa ulinganisho huo. Dhana hiyo inavutia, lakini siasa ina uzito zaidi. Yongle alikuwa amemnyang'anya kiti mtoto wa kaka yake mwaka 1402, na dalili ya mbinguni haikumdhuru mtawala wa namna hiyo. Maafisa walipoomba kumpongeza rasmi alikataa. Sifa zilitungwa vivyo hivyo. Msomaji wa tungo za sifa za Waswahili hatauona uhusiano huu wa mtunzi na mtawala kuwa mgeni.

Je, Malindi inapokonywa twiga wake? La. Bengal haina twiga wa asili, hivyo hata yule wa 1414 alikuwa amevuka bahari kutoka Afrika. Maandishi hayataji bandari aliyopakiwa. Wanyama walikuwa wawili, na anayewafanya mmoja huifuta safari moja nzima, pamoja na nafasi ya Bengal katika biashara ya Bahari ya Hindi. Nakala za mchoro zipo zaidi ya moja, miongoni mwazo ile ya Philadelphia na ile ya Taipei. Ushahidi wa twiga wa Malindi umo katika kumbukumbu za nasaba ya Ming, kwa maandishi tu, bila picha.