Zoezi, Amri na Ukweli: Funzo la Dayton

Katika madarasa ya elimu ya siasa huulizwa swali moja mara kwa mara: kiongozi atajuaje hali halisi ya chombo anachokiongoza, ikiwa kila taarifa inayopanda kwake imekwisha kupambwa njiani? Swali hili si geni, wala si la nchi moja. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza kwa mfano ambao wasomaji wengi huenda hawakuutarajia, yaani historia ya namna makao makuu ya jeshi la anga la Marekani yalivyopanga na kuamuru mashambulio ya kuigiza. Tumeuchagua mfano wa dola kubwa kwa makusudi. Dola kubwa ina fedha, ina mitambo na ina wataalamu. Kwa hiyo ikijidanganya, haiwezi kusingizia umaskini. Sababu yapasa kutafutwa katika uongozi.

Shambulio la kuigiza ni nini

Shambulio la kuigiza ni safari ya vita iliyo kamili katika kila jambo isipokuwa moja: bomu halianguki. Maafisa wa mipango huanza na shabaha. Huchagua kiwanda, daraja au uwanja wa ndege, hukusanya picha na ramani zake, halafu huhesabu kurudi nyuma kuanzia dakika ambayo bomu lingetakiwa kuanguka. Kutokana na dakika hiyo hupatikana saa ya kuruka, kiasi cha mafuta, mahali pa ndege kukutana, njia, kimo, na mahali pa kuanzia mwendo wa mwisho ulionyooka kuelekea shabaha.

Hayo yote huandikwa katika waraka wa amri. Kwa desturi waraka huo una sehemu 5: hali ya adui na ya majeshi yenyewe, kazi inayotakiwa, namna ya kuitekeleza, ugavi, na mwisho uongozi na mawasiliano. Makao makuu huutuma kwa makamanda wa chini, nao kwa vikosi, na kila kikosi huwakusanya marubani na wenzao wa ndani ya ndege na kumweleza kila mmoja sehemu yake.

Lakini bila bomu kuanguka, nani atajua kama shabaha imepigwa? Jibu lilikuwa rada ya ardhini. Ndege ilipoukaribia mji ilitoa mlio katika redio. Mlio ulipokatika, hiyo ndiyo ilihesabiwa kuwa nukta ya kuachia bomu. Huko chini kalamu ya mtambo ilikuwa imechora njia ya ndege juu ya karatasi. Waliohesabu walichukua mwendo wa ndege, kimo chake na upepo, wakapata mahali ambapo bomu lingeanguka. Msomaji azingatie jambo moja hapa, maana ndilo kiini cha makala yetu: aliyepima hakuwa yule aliyepimwa.

Chombo kilichojidanganya

Kamandi ya Anga ya Kimkakati ya Marekani iliundwa tarehe 21 Machi 1946. Ilikabidhiwa ndege kubwa za kutupa mabomu, na juu yake likawekwa tishio la silaha za nyuklia. Dunia iliiogopa. Ndani yake hali ilikuwa nyingine. Vita vilikwisha mwaka 1945 na askari wazoefu walirudi makwao. Mwaka 1948 Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, aliikagua kamandi hiyo na kutoa taarifa isiyopendeza. Mwezi Oktoba mwaka huo huo uongozi alikabidhiwa Jenerali Curtis LeMay.

Yatupasa tumjue mtu huyu. Yeye ndiye aliyeongoza shambulio la moto juu ya Tokyo usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ambamo watu wanaokadiriwa kufikia 100,000 walikufa. Hatumtaji kama mtu wa kuigwa kwa malengo. Tunamtaja kwa sababu alipofika aliletewa taarifa za ulengaji zilizong'aa, naye hakuziamini.

Alipochunguza aligundua siri yake. Rada za ndege zilisumbua katika kimo kikubwa ambacho vita vingehitaji. Badala ya kulisema tatizo hilo na kulitatua, vikosi vilishuka mpaka kimo ambacho rada ilifanya kazi vizuri, vikafanyia mazoezi huko. Tena shabaha nyingine ilikuwa chombo cha kurudisha mawimbi ya rada kilichowekwa mahali peupe majini, kionekane waziwazi kama taa gizani. Hesabu zilizoandikwa huenda zilikuwa sahihi moja moja. Uongo ulikuwa katika masharti ya zoezi. Huu ni uongo mbaya kuliko wa kubadili tarakimu, kwa maana hakuna mtu mmoja anayeweza kushikwa nao: aliye chini anafurahi kupata alama nzuri, aliye juu anafurahi kuipokea, na chombo kizima kinaoza huku kikipongezana.

Usiku wa Dayton

Januari 1949 LeMay aliamuru kamandi nzima ifanye shambulio la kuigiza juu ya mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio. Amri yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Ugumu ulikuwa katika masharti. Ndege ziruke futi 30,000, yaani zaidi ya mita 9,000, kama ambavyo zingeruka vitani. Ziende usiku. Picha za mji walizopewa askari zilikuwa za mwaka 1938, kwa hoja kwamba picha walizokuwa nazo za miji ya Urusi nazo zilikuwa kuukuu. Na shabaha hazikuwa vyombo vilivyoelea majini, bali sehemu halisi za mji zilizochanganyika na majengo mengine katika kioo cha rada.

Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndege nyingine ziliharibika zikarudi. Nyingine ziliufikia mji lakini hazikuitambua shabaha. Katika majaribio 303 ya kulenga yaliyopimwa, wastani wa kosa ulikuwa kama futi 10,000, yaani kilomita 3 hivi. Baadaye LeMay alieleza kwamba hakuna hata ndege moja iliyoimaliza kazi kama ilivyoamriwa, akauita usiku ule miongoni mwa nyakati za giza kabisa katika historia ya urubani wa kijeshi wa nchi yake.

Hapakufa mtu Dayton usiku ule, wala hakuna dirisha lililovunjika. Lakini kitu kimoja kilibomoka: taarifa nzuri. Hiyo ndiyo kazi ya zoezi la kweli. Zoezi linalopangwa ili lifaulu ni ngoma ya kumfurahisha mgeni.

Jambo la pili la kujifunza ni hatua zilizofuata. Matokeo hayakufichwa, yaliwekwa mbele ya makamanda wenyewe. Kila kazi ndani ya ndege iliandikiwa utaratibu. Shule ya kuwafundisha askari bora ilifunguliwa, ili nao wakawafundishe wenzao. Wakaguzi walianza kufika kikosini bila taarifa na kuamuru mpango wa vita utekelezwe papo hapo. Kwa maelezo ya LeMay mwenyewe, mji wa San Francisco ulipigwa kwa kuigiza zaidi ya mara 600 katika mwezi mmoja. Wakazi wake walilala, wakaamka, wakaenda kazini, bila kujua kwamba juu yao kalamu ya rada ilikuwa ikiandika vifo vyao.

Miaka 23 baadaye

Kama historia ingeishia hapo, tungesema: kiongozi mkali alisema ukweli, na ukweli ukamwokoa. Lakini chombo kinaweza kujifunza kupima askari wake na bado kisijifunze kupima makao makuu yake.

Tarehe 18 Desemba 1972 Marekani ilianza kuishambulia Hanoi na Haiphong kwa ndege za B-52. Mpango uliandikwa katika makao makuu ya Kamandi hiyo hiyo karibu na Omaha, Nebraska, maelfu ya kilomita kutoka Vietnam, ukatumwa Guam na Thailand ambako ndege ziliruka. Usiku wa kwanza zilikwenda ndege 129. Ziliingia kwa njia zilizofanana na kwa vimo vilivyofanana, na baada ya kuachia mabomu zilitakiwa kupinda kona kali. Katika kona hiyo vyombo vya kuvuruga rada viligeuka pembeni, tumbo la ndege likaonekana wazi zaidi kwa rada za Wavietnam, na upepo uliokuwa ukizisukuma ukazikabili usoni. Ndege 3 zilianguka. Usiku wa pili mpango ulirudiwa, na hakuna iliyoanguka. Usiku wa tatu ulirudiwa tena, na zikaanguka 6.

Marubani walikuwa wameuona ubaya wa kona ile tangu usiku wa kwanza. Sauti yao haikuwahi amri. Baada ya hasara hiyo ndipo sehemu kubwa ya mipango ilipohamishiwa Guam, karibu na waliokuwa wakiruka. Na tarehe 26 Desemba ndege 120 zilikuja kutoka pande mbalimbali, zikaachia mabomu yao katika muda wa dakika 15 hivi. Siku hiyo zilianguka 2. Kwa jumla B-52 zilizopotea zilikuwa 15.

Upande wa pili nao walikuwa wanafunzi. Tangu mwaka 1966 Vietnam ya Kaskazini ilikuwa imepeleka kikosi cha makombora, rejimenti ya 238, huko Vĩnh Linh, ili kujifunza B-52 kwa kukabiliana nazo. Kilipata hasara nyingi. Lakini waliyoyaona askari wa rada, jinsi ya kuitambua ndege katikati ya ukungu wa mawimbi ya kuvurugwa, yalikusanywa na kuwekwa katika kijitabu, kikagawiwa kwa vikosi. Maarifa yalitoka chini, yakachambuliwa juu, yakarudi chini. Omaha, kwa siku zile tatu, amri iliteremka tu.

Hata hivyo tusiizungumze vita hii kama mchezo wa bao. Usiku ule ule wa mpango ulioboreshwa, mabomu yaliuangukia mtaa wa Khâm Thiên mjini Hanoi, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kwa hesabu ya Serikali ya Vietnam, raia waliokufa Hanoi na Haiphong katika siku zile walikuwa 1,624. Kilichoigizwa juu ya San Francisco kilitendwa hapa.

Mwezi Novemba 1975 jeshi hilo la anga lilianzisha mazoezi makubwa katika uwanja wa Nellis, Nevada. Uchunguzi wa vita vya Vietnam ulikuwa umeonyesha kwamba hatari kubwa humkuta rubani katika safari zake 10 za mwanzo; ikaamuliwa azipate nyumbani, mbele ya wenzake walioigiza adui. Baada ya kila safari wote huketi na kueleza kosa moja baada ya jingine, bila kujali cheo cha aliyelifanya. Dayton ilikuwa imerudi, baada ya kulipiwa kwa damu.

Tunajifunza nini

Kwanza, taarifa haipimwi kwa tarakimu zake peke yake, bali kwa masharti yaliyoizaa. Kiongozi anayeletewa alama nzuri aulize: zoezi lilifanyika katika kimo gani?

Pili, anayetekeleza asiwe ndiye anayejipima, na anayeamuru naye asikwepe kupimwa. Dayton iliwapima marubani. Hapakuwa na Dayton ya kuwapima wapanga mipango, mpaka ndege zilipoanguka.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ukweli katika mbinu hauleti haki katika lengo. Chombo kinaweza kuung'oa uongo wote katika taarifa zake, kikawa hodari, na uhodari huo ukaishia Khâm Thiên. Kwa hiyo kada mwenye kujikosoa hana budi kuuliza maswali mawili, wala asiliache hata moja: je, tunafanya kweli yale tunayosema tunafanya? Na je, yale tunayoyafanya yanastahili kufanywa? Makao makuu ya Omaha yalijifunza kuuliza la kwanza. La pili halikuwa na sehemu katika waraka wa amri.