Liyongo katika Masimulizi ya Mapenzi na Maajabu

Fumo Liyongo ni shujaa wa mighani ya Waswahili wa pwani ya kaskazini ya Kenya, mtu wa ukoo wa kifalme aliyegeuzwa mtoro na kuishi msituni. Masimulizi humweka Pate, Shaga na Ozi, karibu na Mto Tana unapoingia baharini, na kaburi linaloitwa lake huonyeshwa upande huo wa Ozi. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu zama zake, na wamepishana kwa karne kadhaa. Kisa chake kimesimuliwa upya kwa tumbuizo, takhmisi, utendi, hadithi za nathari na vitabu vya vijana. Hakuna mtoro mwingine katika fasihi ya Kiswahili aliyeimbwa kama yeye.

Kisa

Liyongo alikuwa na kimo na nguvu zisizo za kawaida. Mwendo wa siku nne aliumaliza kwa siku moja, na mkoba wake ulibeba vyombo vya nyumba nzima. Wagala walipomwona walitaka mbegu yake, wakamwoza binti yao, akazaliwa mtoto wa kiume. Mtawala wa Pate, Daudi Mringwari, alihofia kiti chake, naye Liyongo akakimbilia bara kwa Wasanye na Wadahalo. Hao nao walihongwa wamuue. Wakabuni kikoa cha kupanda mikoma kwa zamu, ili zamu yake ikifika wamtungue akiwa juu. Yeye akaziangusha koma kwa mishale, miguu yake ikiwa chini.

Hatimaye alinaswa Pate na kutiwa gerezani. Mama yake, Mwana Mbwasho, alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi walikuwa wakikila kilipokuwa kizuri. Liyongo akamtungia Saada shairi la kumpelekea mama: aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi waliuona mkate wa makapi, wakaudharau, wakaupitisha. Alipoulizwa haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, aliomba ngoma ya gungu. Mji ukakusanyika nje, ngoma na matari yakarindima, naye ndani akikereza minyororo. Kila pigo lilifunika mkwaruzo wa tupa, naye akatoroka.

Siri yake ilikuwa moja: hangeweza kuuawa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mtawala wa Pate alimwahidi mwana wa Liyongo mwenyewe uwaziri na kumwoza binti yake, naye akamchoma baba akiwa usingizini. Liyongo aliamka, akatwaa uta, akapiga goti karibu na kisima, akafia hapo mshale ukiwa tayari. Kwa siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai, mpaka mwili ulipoanguka. Mwana naye hakupata alichoahidiwa.

Matini

Edward Steere alichapa hadithi hiyo mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili, pamoja na takhmisi inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Matini iliyoenea zaidi ni utendi wa mwaka 1913 wa Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, mchonga mbao, mwandishi wa hati nzuri na mjuzi wa ngoma. Ujuzi huo wa ngoma unasikika: sehemu ya gungu ndiyo hai kuliko zote. Alice Werner aliuchunguza utendi huu kwa makini. M. M. Mulokozi aliuchapa upya katika Tenzi Tatu za Kale (1999). Nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo zilikusanywa na Gudrun Miehe na wenzake mwaka 2004.

Mapenzi

Katika mapenzi ndipo masimulizi mapya yamekuwa na upungufu. Katika nyimbo, Liyongo ni mpenzi kabla ya kuwa mpiga mishale: utumbuizo wa Mwana Munga unasifu uzuri wa mwanamke kiungo kwa kiungo, na nyimbo za gungu zimejaa manukato, tambuu na harusi. Katika utendi, mapenzi yamebaki kuwa mkakati. Mke wa Kigala anatafutwa kwa ajili ya uzao, na binti wa mfalme ni chambo asiyetajwa jina. Nyimbo na kisa vimetembea njia mbili, ingawa vinanasibishwa na mtu mmoja. Wanawake wanaotenda ni mama na kijakazi. Saada, aliyebeba shairi lililomwokoa bwana wake mbele ya macho ya walinzi, hutajwa kwa beti chache tu, naye anastahili zaidi.

Robin Hood, mtoro wa mighani ya Uingereza, alipita njia ya kinyume. Marian, mpenzi wake, hakuwamo katika masimulizi yake ya mwanzo. Aliingia baadaye kupitia michezo ya sikukuu za Mei. Lakini riwaya za karne ya 20 na 21 zimemfanya kiini, kama Lady of the Forest ya Jennifer Roberson (1992). Aminah Mae Safi, katika Travelers Along the Way (2022), alimgeuza Robin kuwa msichana Mwislamu wa zama za vita vya msalaba.

Jirani wa karibu wa Liyongo ni Lwanda Magere wa Waluo, ambaye siri ya udhaifu wake, yaani kivuli chake, ilifichuliwa na mke aliyetoka kwa maadui. Okoiti Omtatah alimwandikia tamthilia mwaka 1991.

Usomaji wa leo

Kitabu cha vijana kinachojulikana ni Mkasa wa Shujaa Liyongo cha Bitugi Matundura (2001). Mombasa bara, kuanzia Kongowea hadi Ziwa la Ng'ombe, mwanafunzi wa sekondari hukutana na Liyongo katika mada ya mighani ya fasihi simulizi. Lahaja ya kaskazini ya utendi huhitaji maelezo hata kwa msemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kwa upande wa maajabu, Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa alichapisha The House of Rust (2021), riwaya ya maajabu ya bahari ya mji huo, lakini si ya Liyongo na imeandikwa kwa Kiingereza.