Mzigo wa Kariakoo Ulianza na Reli

Muulize mtu yeyote hapa Xiaobei biashara ya Guangzhou na Kariakoo ilianza lini, atakwambia mwishoni mwa miaka ya tisini, wazee wetu walipoanza kushuka na mabegi matupu na dola kiunoni. Sawa. Ila kuna mlango wa mbele hapo umerukwa.

Mkataba wa TAZARA ulisainiwa Beijing Septemba 1967, baada ya Benki ya Dunia na nchi za Magharibi kugoma, zikisema reli hiyo haitalipa. China ikatoa mkopo usio na riba, yuan milioni 988. Tunazijua zile kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, tunazijua picha za Nyerere na Kaunda. Tunachosahau ni mishahara ya vibarua ilitoka wapi. China yenyewe ilikuwa maskini, fedha za kigeni za kumwaga haikuwa nazo. Ikaleta bidhaa. Tanzania na Zambia zilizichukua kwa mkopo, zikauzwa madukani, na pesa iliyopatikana ikalipa gharama za ndani za ujenzi. Yaani mtu ananunua shati mjini Dar, shilingi yake inaenda kumlipa kibarua kule Mlimba. Wataalamu wa Kichina nao walikuja kwa meli, na bandari waliyopandia ilikuwa hapa hapa Guangzhou.

Kwa hiyo bidhaa za Kichina zilimtangulia mfanyabiashara wetu kwa karibu miaka thelathini. Maonyesho ya Canton yalikuwepo tangu 1957, lakini baada ya Azimio la Arusha kuagiza mali nje ilikuwa kazi ya mashirika ya umma. Mama mwenye genge angeanzia wapi? Mlango ulianza kufunguka 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kubanwa amezitoa wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na mengine mnayajua: Dubai kwanza, kisha Bangkok na Hong Kong, halafu huku.

Sasa sehemu isiyopendeza kuisema mezani kwa wazazi. Mwaka 1968 China ilitujengea pia kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo. Kilipofika miaka ya tisini kilikuwa hoi, kikageuzwa ubia, Wachina asilimia 51. Viwanda vya nguo vilikufa kwa mambo mengi: mitambo chakavu, umeme, madeni, mitumba. Lakini vitenge vya bei poa vilivyotoka China navyo vilikuwemo, na vingine vililipa ada zetu za shule.

Je, ingeweza kwenda vingine? Mimi huwa naitazama Kirgizia, nchi ndogo ya Asia ya Kati isiyo na bahari. Sovieti ilipovunjika 1991, viwanda vikafungwa, walimu na mainjinia wakageuka wachuuzi. Nje kidogo ya Bishkek likazuka soko la Dordoi: makontena yamepandana mawili mawili, chini duka, juu stoo. Mwaka 1998 wakaingia Shirika la Biashara Duniani, wa kwanza katika Asia ya Kati, ushuru ukawa mdogo, mali ya China ikapita kwao kwenda Kazakhstan na Urusi. Kariakoo kabisa, ukiweka Zambia na Kongo mahali pa Kazakhstan.

Tofauti ni kwamba wenzetu hawakuishia kuuza nguo. Walinunua vitambaa vya China wakashona, kwenye vikarakana vidogo, wengi wao wanawake, wakapeleka Urusi. Walipojiunga na Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia 2015 ushuru ulipanda na biashara ya kupitisha mali ikaumia, lakini aliyekuwa na cherehani alibaki na soko. Najua, walirithi mafundi na wahandisi wa Kisovieti, sisi hatukurithi hivyo. Ila mafundi cherehani tunao kila kibaraza.

Mwezi Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, rejareja ikiwemo, baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu Wachina kuuza wenyewe Kariakoo. Nawaelewa waliolalamika. Lakini amri hiyo inamlinda muuzaji wa shati. Kuhakikisha linashonwa kwetu, haiwezi. Na huku kwetu mteja wa Dar tayari ana WeChat ya kiwanda. Anachomtakia ajenti ni kukagua mzigo na kumtafutia nafasi kwenye kontena.

Kama mzazi wako aliwahi kurudi nyumbani na cherehani badala ya mashati, tuandikie. Tunamtafuta kwa kipindi kijacho.