Anwani Ni Ile Ile, Lakini Inapokea Pesa?

Wasee, vibanda vingi hapa Machakos vina namba mbili ukutani: ya simu na ya till. Zote ni tarakimu tu, lakini menyu ya M-Pesa lazima uiambie kwanza unatuma kwa aina gani.

Solidity, lugha ya kuandika mikataba ya Ethereum, ilichukua miaka kufika hapo. Ethereum ilipoanza 2015, anwani ilikuwa aina moja, `address`, baiti 20. Iwe ya mtu ama ya mkataba, yaani programu inayoshika pesa yenyewe, zilifanana.

Februari 2016 mchezo wa King of the Ether Throne ukaonyesha shida. Ukinunua kiti, mfalme anayetoka analipwa fidia. Sasa, wafalme wengine walitumia pochi ambazo zenyewe ni mikataba. Gesi iliyoenda na malipo haikutosha, malipo yakafeli, na mchezo haukuangalia jibu. Ukaendelea tu, pesa zikibaki ndani.

Novemba 2018, toleo 0.5.0 likagawa anwani: `address` na `address payable`. Ya pili pekee ndiyo ina `transfer` na `send`. Kuitoa payable kuwa ya kawaida ni rahisi. Kuirudisha, ulizunguka kupitia namba: `address(uint160(x))`. Desemba 2019, 0.6.0 ikaleta njia fupi: `payable(x)`. Desemba 2020, 0.8.0 ikasema hata `msg.sender`, yule aliyekuita, ni `address` ya kawaida mpaka uibadilishe mwenyewe.

Hiyo ya mwisho naikubali sana. Mtu kukupigia simu haimaanishi laini yake inapokea pesa.

Lakini msidanganyike. `payable(x)` haichunguzi kitu. Kwenye blokcheni baiti ni zile zile 20. Kompaila imeamini neno lako tu. Hata wale wafalme wa 2016 isingewaokoa, kilichokosekana ni kuangalia jibu la `send`.

Sisi tulioacha kampasi tunajifunzia mtandaoni, na mafunzo mengi huko ni ya kabla ya 2018. Unanakili kodi, mistari inakuwa myekundu, unabandika `payable()` kila mahali mpaka wekundu uishe. Si hivyo, buda. Hiyo ni sahihi yako kwamba anwani inapokea. Ukituma pesa za chama cha mamako, angalia jibu kwanza.